Will, going to na wenzao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wakati ujao wa Kiingereza

Majibu haya ni kwa wanafunzi wa sekondari wa Mtwara na Lindi pamoja na walimu wao, waongoza watalii wa Kilwa, makarani wa vyama vya msingi wanaoandikiana na wanunuzi wa nje, na yeyote anayejiandaa kwa usaili. Sentensi za Kiingereza zimewekwa ndani ya alama za kunukuu. Mwenye haraka asome swali la pili na la tano, maana makosa mengi yamelala hapo.

1. Kwa nini Kiingereza kina njia nyingi hivi wakati sisi tunatosheka na -ta-?

Hatutosheki nayo, ila hatujishtukii. Mtu wa Mikindani akisema "Kesho naenda Masasi", hajatumia -ta-, na hakuna anayemwuliza anazungumzia lini. Akiona wingu zito limejaa upande wa bahari atasema "mvua inataka kunyesha". Akiahidi kazi atasema "kufikia Ijumaa nitakuwa nimemaliza". Kiingereza nacho kinafanya tofauti hizohizo, isipokuwa kinazidai hata pale ambapo sisi tungeruhusu -ta- ipite.

Kiingereza hakina kiambishi cha wakati ujao cha kupachika ndani ya kitenzi. Kinatumia kitenzi kisaidizi "will", kinatumia "be going to", na mara nyingine kinaazima wakati uliopo wenyewe. Wengi wamefundishwa kwamba "going to" ni ya mambo ya karibu na "will" ni ya mambo ya mbali. Achana na kanuni hiyo. "I'll open the door" ni jambo la sekunde mbili zijazo. "One day the sun is going to die" ni jambo ambalo hata vitukuu wetu hawataliona. Sentensi zote mbili ni sahihi. Kinachoamua ni kile alichonacho msemaji wakati anafungua mdomo: uamuzi mpya, nia ya tangu jana, dalili anayoiona, miadi, au ratiba.

2. Nitumie "will" au "be going to"?

Jiulize kwanza: uamuzi umefanyika lini?

Kama umezaliwa papo hapo katikati ya mazungumzo, tumia "will". Simu ya ofisi inalia, unasema "I'll answer it." Mgeni anahangaika na begi lake kwenye ngazi, unasema "I'll carry that for you." Ahadi na kujitolea vinaingia humu pia: "I'll pay you on Monday."

Kama uliamua kabla ya mazungumzo kuanza, tumia "be going to". Chukua mkulima wa Tandahimba anayeambiwa na mkewe asubuhi kwamba salpha ya mikorosho imekwisha. Anajibu: "Really? I'll buy some this afternoon." Hakuwa na habari, ameamua sasa hivi. Saa mbili baadaye anamkopa jirani hela, jirani anamwuliza za nini. Sasa anajibu: "I'm going to buy some sulphur." Salpha ni ileile na alasiri ni ileile, lakini uamuzi umeshakuwa nia, kwa hiyo umbo la kitenzi limebadilika. Akimjibu jirani kwa "I'll buy some sulphur", itasikika kana kwamba wazo limemjia wakati anaulizwa, na jirani anaweza kujiuliza kama fedha ile ilikuwa na kazi tangu mwanzo.

Kosa hili ndilo linalowatoa watu kwenye usaili na mazungumzo ya kawaida. Mtu anaulizwa "What are you doing this weekend?" anajibu "I will visit my grandmother in Newala." Kisarufi imesimama. Kwa msikilizaji, inaonekana hukuwa na mpango mpaka ulipoulizwa. Sema "I'm going to visit my grandmother" au "I'm visiting my grandmother".

Utabiri una kanuni yake. Dalili ikiwa mbele ya macho, ni "going to". Mtoto yuko kwenye tawi la mwembe linalolia, unapiga kelele "You're going to fall!" Ukisema "You will fall!", inakuwa kama kauli ya mpiga ramli. Ikiwa ni maoni yako tu, bila dalili ya kuonyesha kidole, tumia "will", mara nyingi pamoja na "I think", "I'm sure" au "probably": "I think the price will go up." Hapa mpaka umelegea. Wenyewe wanasema pia "I think the price is going to go up", na hakuna mwalimu mwenye haki ya kukukata alama. Zingatia tu mahali pa "probably": hukaa baada ya "will" lakini kabla ya "won't". "It will probably rain", ila "It probably won't rain".

Jambo la mwisho, na vitabu vingi havilisemi: kwenye maandishi rasmi "will" inatawala hata kama mpango ni wa zamani. Tangazo la mnada linaandikwa "The auction will be held on Thursday." Mnada ulipangwa wiki nzima nyuma, lakini "is going to be held" ina harufu ya mazungumzo. Barua, taarifa na ratiba za mikutano: "will".

3. "I'm going to Masasi" na "I'm going to go to Masasi" zina tofauti gani?

Ya kwanza ni wakati uliopo hali ya kuendelea uliobebeshwa kazi ya wakati ujao. Inasema mpango umefungwa: tiketi imekatwa, au kuna mtu anakusubiri kule. Ya pili ni nia. Pengine hata nauli hujaitafuta. Ndiyo maana "I'm seeing the doctor on Tuesday" humaanisha miadi ipo, wakati "I'm going to see a doctor" humaanisha umechoka na hilo jino.

Masharti ya kutumia ile ya kwanza ni mawili. Taja wakati, au uwe umeshatajwa, la sivyo msikilizaji atadhani uko njiani sasa hivi. Pili, usiitumie kwa jambo ambalo binadamu halipangi. "It's raining tomorrow" si sahihi, kwa sababu mvua haina miadi na mtu.

4. Basi "The bus leaves at six" si wakati uliopo?

Kwa umbo, ni wakati uliopo. Kwa kazi, ni wakati ujao wa ratiba. Vyombo vya usafiri, mitihani, vipindi vya shule, mechi: "The ferry leaves in ten minutes." "The exams start in November." Ukisema "I leave at six" unajitaja kama sehemu ya ratiba, na hiyo inafaa tu kama safari yako kweli imepangwa kwenye karatasi.

Angalia saa. Basi la saa kumi na mbili asubuhi ni "six a.m." Ukimwambia mgeni "twelve", atafika stendi saa sita mchana na basi litakuwa limeshapita Lindi.

5. Kwa nini "When I will arrive, I will call you" inakatwa alama?

Kwa sababu Kiingereza hakiweki "will" baada ya viunganishi vya wakati na sharti, hata jambo lenyewe liwe la kesho. Sahihi ni "When I arrive, I will call you." Viunganishi vyenyewe ni "when", "before", "after", "until", "as soon as", "once", "by the time", "if", "unless" na "in case".

Chanzo cha kosa kinajulikana. Sisi tunasema "nitakapofika, nitakupigia", -ta- pande zote mbili, na mkono unaandika "will" pande zote mbili. Kwa Kiingereza "will" moja kwenye upande mkuu inatosha kubeba sentensi nzima, na upande wa kiunganishi unabaki na wakati uliopo. Ukitaka kusisitiza kwamba jambo la kwanza litakuwa limekamilika kabla ya la pili, tumia "have" na umbo la tatu la kitenzi: "Farmers will be paid when the buyer has paid the society." Sentensi hiyo ni ya kuikariri kwa karani wa chama cha msingi. Akiandika "when the buyer will pay", mnunuzi ataelewa, lakini barua itaonekana ya mwanafunzi.

Sasa ubaguzi unaowachanganya hata wazuri. "I don't know when he will arrive" ni sahihi kabisa. Kwa nini? Kwa sababu "when" hii si kiunganishi cha wakati, ni swali lililofichwa. Kiswahili chako kinakupa kipimo kisichodanganya. Tafsiri sentensi kichwani. Ukipata -po- au -ki-, kama "atakapofika" au "akifika", hakuna "will". Ukipata "lini", kama "sijui atafika lini", weka "will". "If" nayo hivyohivyo: "mvua ikinyesha" ni "if it rains", lakini "sijui kama itanyesha" ni "I don't know if it will rain".

Kuna "if" moja zaidi yenye "will", ya adabu: "If you will follow me, I'll show you the room." Hapo "will" ina maana ya kukubali, kama "ukiwa radhi kunifuata". Watu wa mahoteli wataisikia. Mwanafunzi wa kidato cha pili aiache.

6. "Will be doing" inafanya kazi gani ambayo "will do" haiwezi?

Kazi ya kwanza iko wazi: tendo litakalokuwa linaendelea wakati fulani ujao. "At ten o'clock tomorrow we will be writing the English paper." Ndiyo "tutakuwa tunaandika". Ukisema "At ten we will write", maana yake mtaanza saa nne asubuhi.

Kazi ya pili ina faida zaidi kwa anayehudumia wageni, lakini darasani hupitwa haraka. Umbo hili linaondoa shinikizo. Linganisha maswali mawili unayoweza kumwuliza mgeni Kilwa Masoko:

"Will you come to the island with us?" Huo ni mwaliko, au ombi. Mgeni lazima akubali au akatae.

"Will you be coming to the island with us?" Hapa unauliza tu mpango wake ukoje ili ujue idadi ya watu kwenye boti. Anaweza kusema hapana bila kuona haya.

Kwa sababu hiyohiyo, mwongoza watalii akieleza mpango wa siku hutumia umbo hili: "We'll be crossing to Kilwa Kisiwani at eight, and after the Great Mosque we'll be walking to Husuni Kubwa." Inasikika kama mambo yanayokwenda kwa mkondo wake. Ukisema "We're going to cross, we're going to walk" katika kila sentensi, wageni watachoka kabla ya kupanda boti.

Vitenzi vya hali kama "know", "believe" na "understand" kwa kawaida haviingii humu. "I will be knowing" haipo; sema "I will know".

7. "Will have done" nitaitumia wapi katika maisha?

Popote penye tarehe ya mwisho. Umbo ni "will have" na umbo la tatu la kitenzi, na maana ni "nitakuwa nimefanya": "By the end of January we will have shipped 300 tonnes." Makosa yake matatu: "will has shipped", kwa sababu baada ya "will" hakuna -s kamwe, "will have went", badala ya "will have gone", na kuchanganya "by" na "until".

Hilo la "by" na "until" linagharimu fedha. Kiswahili hutumia "hadi" au "mpaka" pande zote, kwa hiyo mtu anaandika "We will send the samples until Friday." Mnunuzi anaelewa kwamba mtakuwa mnatuma sampuli kila siku, kisha Ijumaa mnaacha. Tarehe ya mwisho ni "by Friday". "Until" ni ya hali inayodumu: "The warehouse will be open until Friday." Ukiweza kusema "kufikia Ijumaa" au "isizidi Ijumaa", ni "by".

Lipo pia "will have been teaching", kwa muda uliotimia: "In June she will have been teaching for ten years." Lijue ukilisoma, kuliandika utahitaji mara chache.

8. "Shall" bado inatumika?

Kanuni ya "I shall, we shall, you will, he will" ni ya vitabu vya karne ya 17, na Kiingereza cha leo cha mazungumzo kimeiacha. "I will" haina kosa lolote.

"Shall" imebaki imara sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali ya "I" na "we", pale Kiswahili kinapomalizia kitenzi kwa -e: "Nifungue dirisha?" ni "Shall I open the window?" "Twende?" ni "Shall we go?" Ukiuliza "Will I open the window?" kwa Kiingereza cha Uingereza, unaomba utabiriwe matendo yako mwenyewe. Ya pili ni mikataba na katiba, ambamo "shall" ni amri: "The buyer shall pay within seven days." Ukiona "shall" kwenye mkataba wa korosho au ufuta, soma mara mbili kabla ya kutia saini, kwa sababu hilo ni sharti.

9. "The engine won't start" ni ya wakati ujao?

Hapana. Ni ya sasa hivi: injini inakataa kuwaka. "Won't" hubeba ukaidi, wa mtu au wa kitu. "He won't listen" ni "hasikii la mtu".

Na "will" nayo ina matumizi ya sasa: kukisia. Mlango unagongwa, unasema "That will be Fatuma", sawasawa na "huyo atakuwa Fatuma".

10. Ni makosa gani ya umbo yanayojirudia?

"She will goes", "I will to send" na "I will sent" yote yana dawa moja: baada ya "will" kitenzi ni kikavu, bila -s, bila "to", bila wakati uliopita. "She will go", "I will send".

"I will can" haipo, wala "we will must". Visaidizi viwili vya aina hiyo havikai nyumba moja. Sema "I will be able to" na "we will have to".

"I will late" inatoka kwenye "nitachelewa". Kwetu kuchelewa, kushiba na kufurahi ni vitenzi; Kiingereza kinatumia vivumishi, na vivumishi vinadai "be": "I will be late", "You will be full", "They will be happy".

"There will have a meeting" inatoka kwenye "kutakuwa na mkutano", ile "na" ikageuzwa kuwa "have". Sahihi: "There will be a meeting."

"I going to buy" imekosa "am". Kosa hili lina sababu ya masikio: "I'm" hutamkwa haraka na "m" humezwa.

11. "Gonna" inaruhusiwa kwenye mtihani?

Hapana. Ni matamshi, si tahajia ya mtihani wala ya barua. Na hata kwenye meseji, hukaa mbele ya kitenzi tu: "I'm gonna call you" inapita, "I'm gonna Lindi" haipiti.

12. Magazeti ya Kiingereza huandika "Minister to visit Mtwara". Kitenzi kiko wapi?

Kimekatwa ili kubana nafasi. Kwenye vichwa vya habari "to" na kitenzi ni wakati ujao: waziri atatembelea Mtwara. Usiandike hivyo kwenye insha. Karibu na hapo kuna "be about to", kwa jambo ambalo liko ukingoni: "The ferry is about to leave", usiongeze "tomorrow" wala "in two hours".

13. Nikiripoti maneno ya mtu, wakati ujao unakwenda wapi?

"Will" inakuwa "would", "am going to" inakuwa "was going to", na "tomorrow" inakuwa "the next day" au "the following day". "I will come tomorrow" inakuwa "He said that he would come the following day."

"Was going to" ina kazi nyingine isiyo ya kuripoti: nia iliyokwama. "I was going to call you, but my phone died." Msikilizaji akisikia "was going to" tu, anasubiri "but".

14. Barua ya maombi ya kazi imalizie vipi?

"I look forward to hearing from you." Wengi huandika "to hear" kwa kuwa wamezoea "to" ifuatwe na kitenzi kikavu, kama kwenye "going to hear". Hapa "to" ni kihusishi, na kinafuatwa na -ing.

15. Nipate mazoezi kidogo?

Jaza mwenyewe kwanza, kisha soma majibu.

a) "Wait, I ____ (help) you with that sack."
b) "Look at that dhow! It ____ (hit) the rocks."
c) "We'll start loading as soon as the lorry ____ (come)."
d) "Nobody knows when the rains ____ (begin)."
e) "This time tomorrow we ____ (cross) the Mkapa Bridge."
f) "By Friday the clerk ____ (weigh) all the bags."

Majibu: a) "'ll help", umeamua sasa hivi. b) "is going to hit", dalili unaiona. c) "comes" au "has come", ni "lori likifika", kwa hiyo "will" haiingii. d) "will begin", ni "hakuna ajuaye zitaanza lini". e) "will be crossing", mtakuwa katikati ya daraja, si kwamba ndipo mtaanza kuvuka. f) "will have weighed". Ukiandika "will weigh", sentensi haivunjiki, lakini "by" inataka kazi iwe imeshakwisha, na mnunuzi anayesubiri idadi ya magunia anataka kulisikia hilo.